Kopo la Dukani na Sahani ya Nyumbani



Kila zama huja na biashara yake, na kila biashara huja na maneno yake. Zamani mchuuzi aliyepita huku kwetu Izimbya alituuzia chumvi, sindano na mafuta ya taa, wala hakuhitaji maneno mengi, kwani kila nyumba ilijua haja yake. Leo vijana wetu wanauziwa kitu ambacho wazazi wao hawakukijua hata kwa jina: unga wa kopo na vidonge vya chupa, ambavyo yasemwa kwamba mtu akivitumia baada ya kukimbia au kucheza mpira au kuinua vyuma, misuli yake haitadhurika, wala kesho hataamka amekakamaa kama gogo. Nimeona yafaa niandike machache juu ya jambo hili. Mimi si daktari. Ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Lakini jambo lenyewe limeingia ndani ya jamaa zangu, nami nimelisoma na kuliuliza kadiri ya uwezo wangu, na nimeona kwamba limebeba mambo matatu makubwa: afya ya kijana, mali ya nyumba, na haki ya wale wanaokula kimya kimya sahani ikiwa karibu kwisha.

Kwanza yatupasa tujue maumivu yenyewe ni kitu gani, kwani asiyeujua ugonjwa hawezi kuipima dawa. Mtu akifanya kazi nzito asiyoizoea, siku ile ile haoni neno. Hula, hulala, na husema kuwa yeye ni shujaa. Kesho yake asubuhi ndipo miguu inapokataa kushuka kitandani, na keshokutwa maumivu huzidi, kisha baada ya siku nne au tano hupungua na kutoweka. Wengi hudhani kwamba ni asidi iliyoganda katika misuli. La, sivyo. Asidi hiyo huondoka katika damu kwa muda wa kama saa moja mtu akiisha kupumzika. Haiwezi kukaa ikingojea keshokutwa ndipo iume. Mwaka 1902 mtaalamu mmoja wa Marekani, Theodore Hough, aliandika kwamba maumivu hayo yanayochelewa yatokana na kuchanika kudogo ndani ya msuli wenyewe. Wataalamu waliokuja baadaye walitazama kwa darubini zenye nguvu, wakaona kweli nyuzi ndogo ndogo za msuli zimevurugika. Mahali hapo huvimba kidogo, na mwili huanza mara moja kazi ya kutengeneza.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba msuli haudhuriki sana mtu anapopanda kilima, bali anapokiteremka. Mwenye kupanda huchoka pumzi, lakini mwenye kuteremka hujikaza mapaja ili mwili usimkimbie, na wakati huo huo msuli aliokaza unavutwa urefuke. Huko kukaza na kuvutwa kwa pamoja ndiko kunakochana nyuzi. Sisi wa nchi hii ya vilima na mabonde tunalijua jambo hili kwa magoti yetu, ijapokuwa hatukulisoma. Muulize kijana anayeteremka na baiskeli yenye mikungu minne ya ndizi, akiizuia isimshinde. Atakuambia ni wapi pamuumapo siku ya pili.

Sasa nieleze habari ya kopo. Mwezi Septemba 2025, Alphonce Simbu wa Tanzania alishinda mbio za marathoni za ubingwa wa dunia mjini Tokyo, akimpita Mjerumani Amanal Petros kwa sehemu tatu tu za sekunde iliyogawanywa mia. Habari hiyo ilifika kila kijiji chenye simu. Vijana wetu walioitazama mara kumi na mara ishirini wakaanza kuamka alfajiri na kukimbia barabarani, nami niliona ni jambo jema, kwani kijana anayekimbia alfajiri hulala mapema usiku. Miongoni mwao alikuwamo mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, kijana wa miaka kumi na tisa, mwembamba na mwenye pumzi. Alikimbia vilima vyetu kwa pupa, kupanda na kushuka, na siku ya tatu akawa anatembea kama mzee mwenye mkongojo.

Akaja kwangu jioni moja. Baada ya kunisalimu shikamoo na kuulizia hali ya nyumba, alisema, "Waitu mjomba, nina ombi. Nataka uniombee kwa mama."

Nikamwambia, "Sema mwanangu. Ombi gani hilo lisilofika kwa mama bila mjomba?"

Akatoa simu yake, akanionyesha picha ya kopo kubwa jeusi, na juu yake mtu mwenye kifua kama jiwe la kusagia. Akasema, "Mwenye duka mjini ameniambia kuwa wakimbiaji wote wakubwa wanatumia hiki. Ukikinywa baada ya mazoezi misuli haiumi tena. Bei yake ni shilingi laki moja na ishirini elfu, na kopo moja lamaliza mwezi."

"Na mwezi wa pili?"

Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwezi wa pili twanunua jingine, mjomba."

Yafaa wasomaji wajue kwamba dada yangu ni mjane. Ana kibanja chake cha migomba na mibuni, na fedha ya kahawa huja mara moja kwa mwaka. Fedha hiyo ndiyo karo na sare za shule, ndiyo bati linalovuja, ndiyo dawa ya mtoto akiugua usiku, na ndani ya nyumba hiyo mna watoto wengine watatu. Kwa hiyo ombi la mpwa wangu halikuwa ombi la kopo moja. Lilikuwa ombi la kuichukua akiba ya watu watano na kuitia katika kikombe cha mtu mmoja. Naye hakuwa na nia mbaya hata kidogo. Alikuwa kijana mwenye maumivu ambaye ameahidiwa tiba.

Sikumjibu ndiyo wala hapana. Nilimwambia, "Nipe siku chache nisome, kisha tukae tuhesabu pamoja. Tukiona kweli lina faida isiyopatikana kwingine, nitakwenda mwenyewe kwa mama yako." Nikasoma, nikauliza daktari mmoja ninayemfahamu, na haya ndiyo niliyoyapata.

Katika vitu vinavyouzwa kwa ahadi ya kuikinga misuli, vya kwanza ni vidonge vya vitamini C na E na jamaa zake, ambavyo husemwa kuwa vyazima makali ya oksijeni mwilini. Mwaka 2017 ulichapishwa uchunguzi wa wataalamu wa Cochrane, watu ambao kazi yao ni kukusanya majaribio yote yaliyofanywa juu ya dawa fulani na kuyapima kwa mizani moja. Walikusanya majaribio 50 yenye watu 1,089. Wakaona kwamba vitu hivyo, hata vikitumiwa kwa wingi, havipunguzi maumivu ya misuli kwa kiasi ambacho mtu angekihisi, wala siku ya kwanza, wala ya pili, wala ya tatu. Na kabla ya hapo, mwaka 2009, wataalamu wa Ujerumani walikuwa wamewapa vijana mazoezi ya majuma manne. Baadhi yao wakala vidonge vya vitamini C na E kila siku, wengine hawakula. Faida ya mazoezi katika namna mwili unavyoitumia sukari ilionekana kwa wale wasiokula vidonge, na kwa waliokula ilizuiwa. Maana yake ni nini? Ni kwamba ule usumbufu mdogo wa mwili baada ya mazoezi ni kama kengele ya shule: ndiyo inayoita mwili uje ujifunze. Ukiizima kengele, mwanafunzi hubaki nje.

Cha pili ni maji ya matunda. Mwaka 2010 ilichapishwa habari ya wakimbiaji 20 wa marathoni ya London waliojaribiwa kwa maji ya cheri kali, tunda la nchi za baridi. Waliokunywa maji hayo siku tano kabla ya mbio, siku yenyewe, na siku mbili baadaye, walirudiwa na nguvu za miguu mapema kuliko wenzao. Sikuficha habari hii kwa mpwa wangu, kwani haki ni haki hata ikimfaa mwenye duka. Lakini watu 20 ni wachache, tunda lenyewe haliko kwetu, na hata hao walionufaika walinufaika kwa siku za mashindano. Si kitu cha kunywa mwaka mzima.

Cha tatu, na ndicho hasa kilichokuwa katika kopo la mpwa wangu, ni unga wa protini. Unga huo watokana na yale majimaji yanayobaki maziwa yakitengenezwa jibini. Majimaji hayo hukaushwa, hutiwa ladha ya vanila au ya chokoleti, kisha hufungwa katika kopo jeusi. Basi asili yake ni maziwa ya ng'ombe. Protini ndiyo tofali la kujengea msuli, na hapana shaka kwamba mwenye kufanya mazoezi mazito ahitaji matofali zaidi kuliko mwenye kukaa barazani. Lakini kujenga ni jambo moja na kuzuia maumivu ni jingine. Mwaka 2014 wataalamu waliokusanya majaribio ya unga huu walisema kwamba ushahidi wa kuwa wapunguza maumivu na madhara ya misuli ni haba. Tofali hutengeneza ukuta ulioanguka. Halizuii mvua isinyeshe.

Cha nne ni kreatini. Hiki nacho chauzwa kama maajabu mapya, ilhali Mfaransa Michel Eugène Chevreul alikigundua ndani ya nyama mwaka 1832. Miili yetu hukitengeneza yenyewe, na kingine hukipata katika nyama na samaki. Kweli kwamba humwongezea nguvu mwenye kuinua vyuma, lakini kuhusu kukinga misuli ya mkimbiaji, majaribio hayajakubaliana.

Baada ya kusoma hayo nilimwita mpwa wangu, tukakaa na karatasi na kalamu, maana mwalimu hata akistaafu haachi chaki yake. Nilimwambia, "Sasa tuhesabu." Wataalamu wa mazoezi wasema kwamba mtu wa mazoezi mazito yamtosha apate kama gramu 1.4 mpaka 2 za protini kwa kila kilo ya mwili wake kwa siku. Mpwa wangu ana kilo 60. Tukachukua 1.6, tukapata gramu 96. Kopo lasema kwamba kijiko chake kimoja chatoa gramu 24. Nikamwuliza, "Bilauri ya maziwa ina gramu ngapi?" Hakujua. Ina gramu kama 8. Kwa hiyo kijiko kile cha fahari ni bilauri tatu za maziwa.

Tukaendelea. Sahani ya maharage yaliyopikwa ina gramu kama 17. Akila mchana na usiku ni 34. Bilauri mbili za maziwa ni 16. Mayai mawili ni 12. Konzi ya dagaa wakavu wa Ziwa Viktoria, gramu 30 hivi, ina gramu 18 za protini, kwani dagaa mkavu zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini. Karanga za kujaza kiganja ni 7. Na ndizi zetu, ambazo watu husema ni maji matupu, akila sahani mbili zilizojaa hupata gramu 7 nyingine. Jumla ni 94. Mpwa wangu akaijumlisha mara mbili, kisha akaniambia, "Mjomba, zimepungua mbili tu." Nikamwambia, "Hizo mbili utazipata ukilamba mwiko."

Wala sikuwataja senene. Msimu wao ukifika, nchi nzima ya Buhaya hukesha kwa furaha, na senene aliyekaushwa zaidi ya theluthi ya uzito wake ni protini. Ni chakula ambacho Mwenyezi Mungu hutuletea kwa mabawa hata mlangoni, bila kopo wala tangazo.

Mpwa wangu aliniuliza swali la maana, akasema, "Lakini mjomba, hao wakubwa wanaoshinda dunia, si wanatumia?" Nikamwonyesha habari za jirani zetu. Mwaka 2004 wataalamu walioongozwa na Vincent Onywera wa Kenya walichapisha walivyopima chakula cha wakimbiaji kumi hodari wa Kikalenjini kwa siku saba, wakijiandaa kwa mashindano ya taifa lao. Walipima kila kitu kilichoingia kinywani. Waliona kwamba katika kila sehemu mia ya nguvu za chakula chao, zaidi ya 76 zilitoka katika ugali, sukari, wali, mkate, viazi na vyakula vya jamii hiyo, na protini ilikuwa kama sehemu 10 tu, ambayo ni gramu 1.3 kwa kilo ya mwili. Sehemu kubwa ilitoka katika mimea na iliyobakia katika wanyama, kama vile maziwa yao. Hawa ni watu ambao dunia nzima huwatazama visigino vyao tu. Sisemi kwamba hapana mkimbiaji mkubwa anayetumia kopo. Wapo, na wengine hulipwa ili waonekane wakilishika. Nasema kwamba miguu hodari yaweza kujengwa na sufuria ya nyumbani, na hili limekwisha pimwa.

Basi ikiwa kopo si dawa, dawa ni ipi? Hapa nataka vijana wanisikilize vizuri, kwani jibu lake ni rahisi hata watu hulidharau. Dawa kubwa ya maumivu haya ni kazi ile ile, ikifanywa kwa kiasi kidogo kwanza. Wataalamu wamethibitisha kwamba msuli ukiisha kuumia kidogo mara moja kwa kazi fulani, hujikinga nafsi yake. Ukirudia kazi hiyo baada ya juma moja au mawili, maumivu huwa madogo sana, na kinga hiyo hudumu majuma mengi. Ni chanjo ambayo mwili hujichanja wenyewe. Ndiyo maana dada yangu, ambaye jembe halijamtoka mkononi tangu utoto, hulima tangu alfajiri mpaka adhuhuri na kesho yake akarudi shambani akiimba, ilhali kijana aliyerudi kutoka mjini akilima matuta mawili huomba dawa ya kuchua. Dada yangu hana kopo. Ana mazoea.

Kwa hiyo nilimshauri mpwa wangu apunguze mteremko: juma la kwanza ateremke kilima kimoja kwa mwendo wa pole, juma la pili viwili, na siku baada ya siku ngumu iwe siku nyepesi. Alale usiku, simu ikae mbali, kwani mwili hutengeneza sana mtu akiwa usingizini. Anywe maji. Kukandwa kwa mkono kwaweza kupunguza maumivu kidogo. Kujinyoosha viungo hakudhuru mtu akifanya polepole, lakini asitarajie kuwa kutazuia maumivu ya kesho, kwani hilo nalo limepimwa, likaonekana halina uzito.

Sasa nije kwenye hatari, na hapa sitasema kwa mzaha. Mwaka 2004 maabara ya mjini Cologne, Ujerumani, ilichapisha matokeo ya kuchunguza virutubisho 634 vilivyonunuliwa katika nchi 13. Katika hivyo, 94, yaani karibu 15 katika kila mia, vilikuwa na homoni zilizokatazwa ambazo hazikuandikwa kabisa katika karatasi ya nje. Kijana aweza kula kitu kama hicho bila kujua, akapimwa katika mashindano, akafungiwa miaka na jina lake likaharibika. Na hata asipopimwa, homoni zile hazimwachi salama. Hali kadhalika Mwislamu ana swali jingine la kuuliza. Vidonge vingi vya ganda laini hutengenezwa kwa jelatini, ambayo hutolewa katika ngozi na mifupa ya ng'ombe au ya nguruwe. Ikiwa karatasi haisemi ni ya mnyama gani, mnunuzi hajui alalo. Sahani ya maharage haina shaka hiyo.

Hatari kubwa zaidi ni ile ya kutaka kuyanyamazisha maumivu kwa nguvu. Kijana mmoja wa jirani zetu alipata kibarua cha kupakia mawe katika lori. Hakuwa ameizoea kazi hiyo. Alifanya kutwa nzima juani, akanywa maji kidogo, na jioni akameza dawa za kutuliza maumivu bila kula kitu. Kesho yake akarudi kazini, akameza nyingine. Siku ya tatu mapaja yake yalivimba, na mkojo wake ulikuwa mweusi kama kahawa. Mama yake alipoona hivyo hakungoja kuche. Alimpandisha pikipiki usiku ule ule, akamfikisha hospitali. Akatiwa maji ya mshipa siku nyingi, na kwa rehema za Mwenyezi Mungu figo zake zikapona. Daktari aliwaambia kwamba wangechelewa siku mbili habari ingekuwa nyingine.

Jambo lililompata lajulikana tangu zamani. Mwaka 1941, wakati London ikipigwa mabomu, daktari Eric Bywaters na mwenzake Beall waliandika habari za watu waliofukuliwa hai chini ya vifusi, wakaonekana wazima, kisha figo zao zikakoma kufanya kazi. Msuli ukipondeka sana, ama kwa kifusi ama kwa kazi iliyopita kiasi, rangi nyekundu iliyomo ndani yake humwagika katika damu, ikafika kwenye figo na kuziziba. Dawa za maumivu kama diklofenaki na aibuprofeni hupunguza damu iendayo kwenye figo, na mtu akiwa na kiu hatari huzidi. Basi kila mzazi alijue hili: maumivu ya kawaida ya misuli hayahitaji haraka, lakini uvimbe mkubwa, udhaifu usio wa kawaida, na mkojo wa rangi ya kahawa ni safari ya hospitali saa ile ile, si ya dukani.

Kwa sababu hiyo hiyo nawaonya vijana juu ya mwezi wa Ramadhani. Wako wanaofanya mazoezi makali mchana wakiwa wamefunga, wakidhani ni ushujaa. Mwenye saumu hana maji ya kuoshea figo zake. Afanye mazoezi mepesi karibu na magharibi, au makubwa kidogo baada ya kufuturu na kusali, na anywe maji ya kutosha usiku mpaka wakati wa daku. Kahawa yetu ya Bukoba, ile ya kunywa na ile ya kutafuna, aipunguze usiku, kwani huondoa usingizi, na usingizi ndio fundi wa misuli.

Namaliza kwa jambo la nyumba. Tulipokwisha kuhesabu, tulikwenda pamoja kwa dada yangu. Nilimweleza yote, na mpwa wangu mwenyewe ndiye aliyeisoma ile karatasi ya hesabu. Shilingi laki moja na ishirini elfu hununua debe zima la maharage na trei nne za mayai, na chenji ikabaki. Dada yangu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu: "Na huyu mdogo wake, yeye ana misuli au hana?"

Alikuwa akimnyoshea kidole binti yake wa miaka kumi na minne, ambaye wakati huo alikuwa akitua ndoo ya maji aliyoipandisha kutoka bondeni. Hakuna aliyejibu. Katika mila zetu za kale hata senene waliowakamata wanawake waliliwa na wanaume. Na ijapokuwa mengi yamebadilika, bado katika nyumba nyingi yai ni la mvulana na mchuzi ni wa msichana. Msichana huyo hushuka na kupanda kilima mara tatu kwa siku akiwa na lita ishirini kichwani. Ikiwa kuna mtu katika nyumba ile ambaye misuli yake yachanika na kujengwa kila siku, ni yeye, na hapana muuza kopo aliyewahi kumwuliza kama anaumwa.

Dada yangu alitoa sehemu ya fedha, akanunua matetea sita, na mpwa wangu akapewa kazi ya kuwatunza. Mayai yakipatikana hugawanywa kwa watoto wote, mmoja mmoja, na hilo ndilo sharti aliloliweka. Mpwa wangu bado hukimbia. Bado pia namkuta mara nyingine akiitazama ile picha katika simu yake, kwani tamaa ya ujana haimalizwi kwa karatasi ya hesabu, wala simlaumu. Lakini siku za mteremko sasa hurudi nyumbani akitembea kwa miguu miwili.

Enyi wazazi, msiwacheke vijana wakiwaletea habari za kopo. Kaeni nao mhesabu. Kama kuna mgonjwa aliyedhoofika na daktari akamwandikia chakula cha unga, hiyo ni dawa, mpeni. Kama sivyo, itazameni kwanza sahani, nani anakula nini, na nani anabakiziwa. Nanyi vijana, mwili ni amana. Mliopewa amana hamkuambiwa muifungie kabatini, wala hamkuambiwa muivunje. Itumieni, ilisheni, ilazeni, na muizoeze kazi kidogo kidogo, nayo itawabeba mbali.

Wabillahi tawfiq.